Berlin: Siku moja ya kutazama mbio na kuusoma mji

KILA mwaka mwezi wa Septemba unapokaribia kwisha, Wakenya wengi huketi mbele ya runinga zao Jumapili asubuhi kutazama mbio za Berlin Marathon. Huko Ujerumani huwa ni saa tatu na robo, hapa kwetu saa nne na robo. Majina ya washindi tunayajua kama tunavyojua majina ya jirani zetu. Mji wenyewe ambamo mbio hizo hufanyika, hata hivyo, wengi wetu huuona kama pazia tu lililotundikwa nyuma ya wanariadha.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wa hao hadi Septemba 25, 2022, alipojikuta mjini humo akiwa mgeni wa mpwa wake, kijana ambaye amekuwa akisomea huko kwa miaka kadhaa. Usiku wa kuamkia mbio, kijana huyo aliuliza swali ambalo halikuwa rahisi kulijibu.

"Mjomba, umehangaikia viza, umelipa nauli, umekuja kusimama kando ya barabara. Si ungeziona mbio hizi vizuri zaidi ukiwa nyumbani kwako?"

Kwa hesabu ya macho, kijana alikuwa na haki. Siku hiyo Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa mbili, dakika moja na sekunde tisa. Kasi hiyo ni sawa na kila mita 100 kwa sekunde 17 hivi. Mtazamaji aliyebahatika kupata mahali penye upeo wa mita 200 za barabara humwona bingwa kwa sekunde zipatazo 34, kisha basi. Akiwa amezungukwa na umati, hupungukiwa hata na hizo.

Je, mtu anakwenda ng'ambo kutafuta nini basi? Ili kulijibu swali hilo ni sharti kwanza tueleze ni kwa nini mji huu, miongoni mwa miji yote ya dunia, umekuwa uwanja wa kuvunjia rekodi.

Kati ya mwaka wa 2003 na 2022, rekodi ya dunia ya marathon ya wanaume ilivunjwa mara nane, na mara zote nane ilivunjwa Berlin. Mara sita kati ya hizo aliyeivunja alikuwa Mkenya. Paul Tergat alianza mwaka wa 2003 kwa saa 2:04:55, akawa mwanamume wa kwanza wa Kenya kuimiliki rekodi hiyo. Sammy Korir alimfuata kwa sekunde moja tu. Muethiopia Haile Gebrselassie aliichukua mwaka wa 2007 na kuiboresha 2008. Patrick Makau akairejesha nyumbani mwaka wa 2011, Wilson Kipsang 2013, Dennis Kimetto 2014, kisha Kipchoge 2018 na 2022. Kwa upande wa wanawake, Tegla Loroupe aliandikisha rekodi yake ya saa 2:20:43 katika barabara hizo hizo mwaka wa 1999.

Sababu ya kwanza ni ardhi yenyewe. Berlin imejengwa juu ya uwanda. Mkimbiaji hapandi kilima cha maana wala hateremki bonde. Barabara nyingi ni pana, na kona kali ni chache. Juu ya lami huchorwa mstari wa buluu unaoonyesha njia fupi kabisa, ili anayeufuata asikimbie hata hatua moja ya ziada.

Sababu ya pili ni majira. Mwishoni mwa Septemba joto la kiangazi huwa limekwisha nguvu ilhali baridi kali ya Ulaya haijabisha hodi. Asubuhi ile ya 2022 tulivaa makoti, tukawa tunapuliza vidole. Kwa mkimbiaji wa masafa marefu, hewa ya namna hiyo ni zawadi, kwani mwili hautumii nguvu nyingi kujipoza.

Ya tatu ni mpango. Waandalizi huwalipa wadhibiti kasi, yaani wakimbiaji ambao kazi yao ni kutangulia kwa mwendo uliokubaliwa, kuwakinga mabingwa dhidi ya upepo na kisha kujiondoa kazi yao inapoisha.

Aidha, ni lazima njia yenyewe itimize masharti ya shirikisho la riadha duniani. Mahali pa kuanzia na pa kumalizia hapapaswi kuachana kupita kiasi, wala njia haipaswi kuteremka kwa zaidi ya wastani wa mita moja kwa kila kilomita. Ndiyo maana Geoffrey Mutai alipokimbia Boston kwa saa 2:03:02 mwaka wa 2011, muda uliokuwa bora kuliko rekodi ya wakati huo, haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Njia ya Boston huanzia nje ya mji na kuteremka kuelekea baharini. Ya Berlin huzunguka na kurudi karibu na ilikoanzia, katika bustani kubwa ya Tiergarten.

Haya yote mtu anaweza kuyasoma akiwa Nairobi au Eldoret. Lakini ubapa wa Berlin niliuelewa kwa miguu yangu mwenyewe. Mtu wa umri wangu hujua mwinuko kwa kuhema kwake, na siku ile nilitembea tangu alfajiri hadi jioni bila kukutana na mwinuko wa kunihemesha.

Kwa msomaji anayewazia safari kama hiyo, ni vyema ajue jinsi siku ya mbio inavyokwenda. Kutazama kando ya barabara ni bure. Barabara zinazopitiwa na wakimbiaji hufungwa, na kuzivuka ni vigumu mno. Anayetaka kuona zaidi ya mara moja hana budi kutumia magarimoshi ya chini ya ardhi, ambayo hupita chini ya miguu ya wakimbiaji bila kumsumbua mtu. Tiketi ya siku nzima inatosha, mradi ukumbuke kuigonga muhuri katika mashine ndogo iliyoko stesheni kabla ya kuabiri. Asiyefanya hivyo huhesabika kama asiyelipa, na faini yake haichagui mgeni wala mwenyeji.

Tulianzia Strausberger Platz, mzunguko wenye chemchemi ulioko mashariki mwa mji, kwenye kilomita ya kumi hivi. Majengo yanayouzunguka ni marefu na mazito, yenye nakshi za vigae. Yalijengwa miaka ya 1950 na serikali ya Ujerumani Mashariki ili kuonyesha kwamba mfanyakazi naye anaweza kuishi katika kasri. Yapata saa nne kasorobo, gari la saa lilipita, kisha pikipiki, kisha kundi dogo la wanaume waliokimbia kana kwamba ardhi ilikuwa ya moto. Katikati yao alikuwa Kipchoge, uso mtulivu. Tulipiga kelele za Kiswahili. Sidhani kwamba alitusikia.

"Ndiyo hiyo?" mpwa wangu akauliza.

"Ndiyo hiyo," nikamjibu.

Kutoka hapo tulichukua garimoshi hadi Alexanderplatz, tukabadilisha, tukashukia Potsdamer Platz, kilomita ya 38. Tulifika mapema, tukawa na muda wa kutazama chini badala ya kutazama mbele. Kuna mistari miwili ya mawe iliyopachikwa barabarani, inayokatiza kila kitu bila kujali njia za magari wala za waendao kwa miguu. Hiyo ndiyo alama ya mahali Ukuta wa Berlin ulipokuwa umesimama.

Ukuta huo ulianza kujengwa Agosti 13, 1961, ukauzunguka upande wa magharibi wa mji kwa umbali wa kilomita zipatazo 155. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha yao kwa sababu yake. Potsdamer Platz, palipokuwa mojawapo ya makutano yenye shughuli nyingi zaidi Ulaya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, paligeuka uwanja mtupu wa walinzi wenye bunduki. Maghorofa ya vioo yanayoonekana leo yalijengwa baada ya Ukuta kuanguka Novemba 9, 1989.

Mbio zenyewe zina umri mkubwa kuliko uhuru huo. Zilipoanza mwaka wa 1974 zilikuwa za watu wasiofika 300 katika msitu wa Grunewald, upande wa magharibi, na ziliingia mitaani mwaka wa 1981. Kwa miaka mingi wakimbiaji walizunguka ndani ya nusu ya mji, wakifika Ukutani na kugeuka. Kisha ikaja Septemba 30, 1990. Ukuta ulikuwa umeanguka na zilibaki siku tatu tu Ujerumani mbili ziungane kuwa moja. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, wakimbiaji walipita katikati ya nguzo za Lango la Brandenburg, lango ambalo kwa miaka 28 lilikuwa limesimama katika eneo lililokatazwa. Wengi walipita wakilia.

Hiyo ndiyo maana ya lango lile tunaloliona kwenye runinga mita mia chache kabla ya utepe. Watangazaji hulitaja kama alama ya kumjulisha mkimbiaji kuwa amekaribia. Kwa wenyeji, kila mguu unaopita pale hurudia kitendo ambacho zamani kingeweza kumgharimu mtu maisha.

Saa tano na dakika chache Kipchoge alitokea Potsdamer Platz akiwa peke yake. Muethiopia Andamlak Belihu, aliyekuwa amemng'ang'ania katika nusu ya kwanza iliyokamilika kwa dakika 59 na sekunde 51, alikuwa ameachwa mbali. Hakukuwa na mdhibiti kasi. Alikuwa yeye, gari la saa na barabara.

Hapo ndipo tulipojaribu ujanja. Kutoka Potsdamer Platz wakimbiaji huzunguka kwa takriban kilomita nne kabla ya kulifikia lango, ilhali kwa mtembea kwa miguu anayekata njia za ndani umbali ni wa kilomita moja na kitu. Kipchoge angehitaji kama dakika 11. Nasi pia. Tulikaza mwendo, tukashika Wilhelmstrasse kuelekea kaskazini, mpwa wangu mbele nami nikihema nyuma yake, tukatokeza kwenye barabara ya Unter den Linden wakati vifijo vikija kama mvua inayotembea juu ya mabati.

Nilichokiona ni kichwa kilichonyolewa, bega, mkono mmoja, kisha mgongo ukielekea langoni. Labda sekunde tano. Muda si muda watu waliokuwa na simu walianza kupaza sauti kwa lugha ambazo sikuzifahamu, lakini tarakimu ni lugha ya wote. Alikuwa ameipunguza rekodi yake mwenyewe kwa sekunde 30. Mark Korir, Mkenya mwenzake, alifika wa pili karibu dakika tano baadaye. Kwa wanawake, Muethiopia Tigst Assefa alishinda kwa saa 2:15:37 na Rosemary Wanjiru wa Kenya akawa wa pili.

Rekodi ile ya Kipchoge ilidumu mwaka mmoja tu. Oktoba 2023 Kelvin Kiptum alikimbia Chicago kwa saa 2:00:35, na miezi minne baadaye ajali ya barabarani ikamchukua tukiwa bado tunajifunza kulitamka jina lake pamoja na ya mabingwa. Kipchoge naye alikuwa amerudi Berlin Septemba ya mwaka huo na kushinda kwa mara ya tano. Sabastian Sawe alishinda huko mwaka wa 2025, naye Wanjiru akapata ushindi uliomponyoka 2022. Mkondo haujakauka.

Wengi wa watazamaji hudhani kwamba mshindi akishafika siku imekwisha. Kwetu sisi ndipo matembezi yalipoanza. Tulirudi Wilhelmstrasse, safari hii bila haraka, hadi mahali palipokuwa na nyumba nambari 77. Nyumba yenyewe haipo tena; iliangamia kutokana na vita. Kuna nyumba za kawaida za kupanga na bango la kumbukumbu ambalo mpita njia anaweza kulipita bila kuliona. Sisi tulikuwa tumelipita saa chache tu zilizotangulia, tukimkimbilia Kipchoge.

Hapo ndipo palipokuwa na makao ya Chansela Otto von Bismarck, na ndipo wajumbe wa mataifa 14 walipokutana kuanzia Novemba 15, 1884 hadi Februari 26, 1885 kuzungumzia Afrika. Hakuna Mwafrika aliyealikwa.

Vitabu vyetu vya shule vilitufundisha kwamba hapo ndipo mipaka ya Afrika ilipochorwa kwa rula. Ukweli una kona zaidi. Mkutano ule ulijadili biashara na usafiri katika mito ya Kongo na Niger, na ukaweka kanuni za jinsi taifa la Ulaya lingetambuliwa kuwa limeikalia pwani ya Afrika. Mipaka mingi ilichorwa baadaye na mataifa mawili mawili. Mpaka wetu na Tanzania, kwa mfano, unatokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka wa 1886, yaliyopiga mstari kutoka mdomo wa Mto Umba, yakauzungusha Mlima Kilimanjaro na kuuacha upande wa Wajerumani, kisha yakaendelea hadi Ziwa Victoria. Mapatano mengine ya mwaka wa 1890, yaliyotiwa saini mjini Berlin, yaliiweka Zanzibar chini ya ulinzi wa Waingereza.

Mpwa wangu alilisoma bango hilo kimya. Alikuwa ameishi katika mji huo kwa miaka na hakuwahi kufika hapo. "Nami ndiye niliyekuwa nikikuuliza umekuja kufanya nini," akasema.

Kituo chetu kilichofuata kilikuwa kidogo zaidi. Katika barabara ya Brunnenstrasse kuna kibamba cha shaba, upana wake sentimita kumi, kilichopachikwa kwenye njia ya waendao kwa miguu. Vibamba vya aina hiyo ni vingi Ujerumani. Msanii Gunter Demnig ndiye aliyeanza kuvipachika mbele ya nyumba ambazo watu walioangamizwa na utawala wa Nazi waliishi. Hiki kina jina la Mohamed Husen.

Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka wa 1904. Akiwa bado mtoto alitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka wa 1929 alifika Berlin kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake, akanyimwa. Alibaki mjini humo, akafanya kazi ya kuhudumu mezani katika jumba la starehe la Haus Vaterland hapo Potsdamer Platz, akaigiza katika filamu na kusaidia kufundisha Kiswahili chuoni. Alikamatwa mwaka wa 1941 kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akafungwa katika kambi ya Sachsenhausen, na huko akafa Novemba 1944.

Hakuwa Mswahili wa kwanza kufundisha huko. Berlin ilifungua taasisi ya lugha za mashariki mwaka wa 1887, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa mmoja wa walimu wake mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kitabu cha Desturi za Waswahili, ambacho wasomi wa lugha yetu wangali wanakitegemea, kilichapishwa Ujerumani mwaka wa 1903 kutokana na kazi yake chini ya uhariri wa Carl Velten. Kelele zetu za Kiswahili asubuhi ile, basi, hazikuwa ngeni mjini humo kama tulivyodhani.

Yapata saa tisa alasiri tulirudi Unter den Linden. Mbio zilikuwa zingali zinaendelea. Zaidi ya watu 40,000 walikuwa wamejiandikisha mwaka huo, na hawa waliokuwa wakifika sasa walikuwa wamekaa barabarani kwa zaidi ya saa tano: mabibi wenye mvi, vijana waliofungwa bendeji magotini, mzee mmoja aliyekuwa akitembea kwa kuchechemea na kutabasamu. Majina yao yalikuwa yameandikwa vifuani pamoja na nambari, na watu wasiowajua waliwaita kwa majina hayo kana kwamba wamekua pamoja. Kila aliyelifikia lango aliinua kichwa kulitazama kabla ya kupita.

Mpwa wangu, ambaye asubuhi alikuwa amekunja mikono, sasa alikuwa ameegemea kizuizi akiwaita mmoja mmoja kwa sauti iliyoanza kukauka.

Nikamkumbusha swali lake la usiku. Runinga ingenionyesha Kipchoge kwa saa mbili nzima, tangu mlio wa bastola hadi utepe, na mimi nilimwona kwa muda usiotimia dakika mbili. Lakini runinga isingenionyesha mawe ya Ukuta chini ya viatu vyake, wala bango la nambari 77, wala kibamba cha mtu wa Dar es Salaam. Nikamwambia kwamba ndiyo sababu ya nauli.

"Basi mwakani uje tena, mjomba," akasema bila kugeuka. "Nami nitakuwa nimeshajua pengine pa kukupeleka."